Orodha za maneno haziwafundishi watoto Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie ufundishaji wa Kiingereza katika shule zetu za Kigoma, na tunaamini jirani zetu wa Tabora wataitambua hali hii. Ukifungua daftari la Kiingereza la mtoto wa darasa la saba, au la kijana aliyeingia Kidato cha Kwanza, utakuta orodha ndefu. Kushoto kuna neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili, neno moja kwa maana moja: "water" maji, "fish" samaki, "plant" mmea, "store" stoo, "state" dola. Mtoto anaikariri, anaulizwa, anapata vema zote. Kisha anakutana na sentensi "Water the bed before you plant the beans", anakwama. Anasoma maji, anasoma kitanda, anasoma mmea, na hapati habari yoyote. Aliyoambiwa amwagilie tuta kabla ya kupanda maharage hajayaona kabisa.

Tusimlaumu mtoto. Orodha imemfundisha kwamba kila neno la Kiingereza lina kazi yake ya kudumu, na kwa Kiingereza hilo si kweli. Maneno mengi sana ya lugha hiyo hayajulikani kama ni nomino, kitenzi au kivumishi mpaka yaingie ndani ya sentensi. Kwa hiyo kabla mtoto hajauliza "neno hili maana yake nini?", afundishwe kuuliza "neno hili linafanya kazi gani hapa?" Maana itafuata.

Ugumu unatokana na malezi ya lugha yetu wenyewe. Kutoka mzizi mmoja wa "lim" tunapata lima, mkulima, kilimo, ulimaji, na kiambishi kinatangaza kazi ya neno hata kabla halijaisha kutamkwa. Mwingereza ana "farm". "They farm near the lake", wanalima karibu na ziwa. "Their farm is small", shamba lao ni dogo. "Farm tools", zana za kilimo. Herufi nne zile zile mara tatu. Zamani haikuwa hivyo. Kiingereza cha kale, cha miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kilikuwa na miisho: upendo uliitwa "lufu" na kupenda "lufian", jibu liliitwa "andswaru" na kujibu "andswarian". Miisho hiyo ilianza kulegea hata kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, na katika karne zilizofuata ikapukutika karibu yote. Wakabaki na "love" na "answer", kila moja likibeba kazi mbili. Njia ilipokuwa imefunguka hivyo, watu wakaendelea kuipita. Ndiyo maana "text", ujumbe wa simu, lilikuwa kitenzi mara tu simu za mkononi zilipoenea, na jina la Google likaingizwa katika kamusi kubwa za Kiingereza kama kitenzi mwaka 2006.

Jambo lenyewe si geni kabisa kwetu, na mwalimu angeweza kuanzia hapo. Tunasema "jibu lake" na "anajibu", "hesabu za mwezi" na "anahesabu", "dharau zake" na "anadharau". Maneno tuliyopokea kutoka Kiingereza yameongeza mengine: ripoti na kuripoti, chaji na kuchaji, pasi ya mpira na kupasi. Kwetu "ana-" na "ku-" hulitoa neno wasiwasi. Mtoto akishaona kwamba "hesabu" ni ile ile na kazi ni mbili, anakuwa tayari kuuliza Waingereza wao hutumia alama gani badala ya "ana-" na "ku-".

Alama wanazo. Miisho ilipopotea, kazi yake ilihamia kwenye maneno madogo na kwenye mpangilio. "A", "an", "the", "my", "their", "every" na "two" hutangaza kwamba nomino iko njiani, hata kama vivumishi viwili au vitatu vitatangulia. "Can", "will", "must", "should" na "don't" hutangaza kitenzi. "Very" na "too" hutangaza sifa. Macho ya mwanafunzi yazoee kutazama maneno haya madogo ambayo kwenye orodha hayaandikwi kabisa, kwa sababu hayana tafsiri nzuri ya Kiswahili.

Mawili kati ya maneno madogo yanahitaji uangalifu. La kwanza ni "to". Wanafunzi wengi wameambiwa kwamba baada ya "to" huja kitenzi. Katika "He wants to work" ni kweli. Katika "He walks to work" si kweli: hapo "work" ni nomino, na mtu huyo huenda kazini kwa miguu. La pili ni "her". "We saw her plant" ni kuuona mmea wake. "We saw her plant beans" ni kumwona akipanda maharage. Angekuwa mwanamume, Kiingereza kingetenganisha: "his plant" kwa mmea, "him plant" kwa tendo. Kwa mwanamke inabidi usome hadi mwisho.

Mtego mkubwa kuliko hiyo miwili ni herufi "s" ya mwisho wa neno, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha wingi wa nomino na umoja wa mtenda katika kitenzi. Linganisha: "The boat sails at night", mashua husafiri usiku, "The boat sails are torn", matanga ya mashua yamechanika. Maneno matatu ya kwanza hayatofautiani hata kwa nukta, na mwanafunzi anayetafsiri neno moja moja tangu mwanzo atakuwa ameshapotea akifika kwenye "are". Njia tunayoipendekeza ni kukitafuta kitenzi kikuu kwanza, kabla ya kutafsiri chochote. Weka "yesterday" mwanzoni uone neno lipi linalazimika kubadilika. "Yesterday the boat sailed": "sails" limebadilika, kwa hiyo ndilo kitenzi. "Yesterday the boat sails were torn": "sails" limebaki kama lilivyo, aliyebadilika ni "are". Kitenzi kikishajulikana, vilivyobaki hujipanga.

Jaribio hili lina mipaka yake. Kuna vitenzi ambavyo havibadiliki kwa wakati uliopita, kama "cut", "put", "hit", "shut" na "cost". Kwa hivyo badilisha mtenda: kama "he" inadai "cuts" na "they" inadai "cut", umekipata. Kwa nomino, jaribu kutanguliza "two". Likikataa kwa kuwa kitu hakihesabiki, kama maji, jaribu "some". Kwa kivumishi, jaribu "very". Majaribio haya manne yanatosha kwa sehemu kubwa ya sentensi ambazo mwanafunzi wa sekondari atakutana nazo, na hayahitaji mtu akariri fasili ya nomino.

Vibao vya madukani vinaonyesha vizuri kinachotokea pale mtu anapodhani maneno mawili yanayopingana kwa maana yatatenda sawa kwa sarufi. "Open" ni kitenzi, na pia ni kivumishi bila kuongezewa kitu: "The shop is open", duka liko wazi. "Close" ni kitenzi cha kufunga, lakini likiwa kivumishi maana yake ni karibu. Kwa hiyo "We are close" mlangoni humwambia mteja kwamba mko jirani. Kibao cha kufunga kiandikwe "Closed". Na upande wa kufungua, "opened" haifai, maana hiyo inasema kuna mtu aliyelifungua, haisemi kama hadi sasa liko wazi.

Sasa tuingie kwenye sehemu ambayo tunaona imesahauliwa zaidi, na ambayo kwa mikoa ya wavuvi na wakulima kama yetu ina mifano mingi kuliko vitabu vinavyotoa. Kiingereza kikichukua jina la kitu na kulifanya kitenzi, mara nyingine maana ni kukiweka kitu hicho, mara nyingine ni kukiondoa. Neno lenyewe halisemi. "Salt the fish" ni kumtia samaki chumvi. "Oil the hinge" ni kuipaka bawaba mafuta. Lakini "scale the fish" ni kumpara samaki, kuondoa magamba. "Gut the fish" ni kumtoa matumbo, "bone the fish" ni kumtoa miiba. "Skin the goat" ni kumchuna mbuzi, "shell the groundnuts" ni kubangua karanga, "milk the cow" ni kukamua ng'ombe. Mwanafunzi anaweza kuongozwa na kanuni hii: kama kitu hicho ni sehemu ya mwili au ya zao lenyewe, kwa kawaida kitenzi hukiondoa, kama kinatoka nje, kwa kawaida kitenzi hukiweka. Gamba ni la samaki, chumvi si ya samaki. Kanuni hii inakosea mahali pamoja muhimu kwa mkulima, nalo ni "weed". Magugu hayakuzaliwa na mahindi, na bado "weed the field" ni kupalilia, kuyang'oa.

Yapo maneno yanayokwenda pande zote mbili. "Dust the table" ni kufuta vumbi mezani. "Dust the maize with the powder" ni kuyanyunyizia mahindi dawa ya unga ghalani. Kinachosaidia hapo ni "with": likifuatiwa na jina la dawa au unga, tendo ni la kuweka. "Seed" ni vivyo hivyo, "seed the field" ni kusia mbegu shambani na "seed the peppers" ni kuzitoa mbegu kwenye pilipili. Mwanafunzi wa kilimo akichanganya hapa, maelezo yote ya kazi yanageuka kinyume.

Vyombo vina utaratibu wao rahisi, kitu huingia ndani ya chombo. "Bottle the honey" ni kutia asali kwenye chupa, "bag the maize" ni kujaza mahindi kwenye magunia, na wafugaji nyuki wa Tabora watakutana na "hive the swarm", kuliingiza kundi la nyuki mzingani. Viungo vya mwili, kwa upande mwingine, havikubali kukisiwa. "Hand me the net" ni nipe wavu. "The house faces the lake" ni nyumba inatazama ziwa. "She heads the school" ni yeye ndiye mkuu wa shule, na "he heads the ball" ni anapiga mpira kwa kichwa. Hizi zifundishwe moja moja, kila moja ndani ya sentensi yake. Tahadhari pia na kisu: "to knife" ni kumchoma mtu kisu. Anayeandika "She knifed the onions" akidhani amesema alikata vitunguu ameandika habari ya polisi.

Neno "smoke" peke yake lingeweza kujaza kipindi kizima. Likiwa nomino ni moshi. Likiwa kitenzi, "The stove smokes" ni jiko linatoa moshi, "He smokes" ni anavuta sigara, na "They smoke the fish" ni wanakausha samaki kwa moshi. Namna ya kuzitenganisha ni kutazama nani anatenda na kama kuna kitendwa baada ya kitenzi. Kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora kuna "cure". Kamusi ndogo husema tiba na kuponya. Katika maelezo ya tumbaku, "cure the leaf" ni kulikausha jani, kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) au kivulini, na "curing" ni ukaushaji. Aliyekariri kuponya tu hataelewa kwa nini jani linatibiwa.

Sisi Waswahili tukitaka nomino ifanye kazi ya tendo, tuna "piga". Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga kura, piga muhuri, piga rangi, piga randa, piga filimbi, piga teke. Tazama Kiingereza kinavyofanya: "phone", "iron", "brush", "mop", "vote", "stamp", "paint", "plane", "whistle", "kick". Kila mahali ambapo sisi tunaongeza neno, wao wanalichukua jina la kitu au la tendo na kulifanya kitenzi bila kuongeza kitu. Mwanafunzi asiyejua hili hutafuta kitenzi cha kushikiza, akaandika "She beats iron the clothes" au "We make vote". Mwambie kwamba akikutana na "piga" pamoja na jina, ajaribu kwanza jina lenyewe kama kitenzi: "She irons the clothes", "We vote". Itamfaa mara nyingi. Haitamfaa kwa piga gitaa, ambayo ni "play the guitar", wala piga kengele, "ring the bell", wala piga picha. Hii ya mwisho ina hatari, kwa kuwa "picture" likiwa kitenzi ni kuona jambo akilini. Kupiga picha ni "photograph" au "take a picture". Waalimu wenzetu, orodha ya "piga" ndiyo orodha moja tu ambayo tungependa kuiona ukutani madarasani.

Kuhusu nomino inayofanya kazi ya kivumishi, sisi wa Kigoma tuna mfano ulio bora kuliko wote, nao uko mashambani kwetu. "Palm oil" ni mawese. "Oil palm" ni mchikichi. Maneno ni mawili yale yale, na mpangilio pekee ndio unaotenganisha mafuta na mti. Kwa Kiswahili kitu chenyewe hutangulia na sifa hufuata: mafuta ya mawese, soko la samaki. Kwa Kiingereza kitu chenyewe hukaa mwisho, na yote yaliyotangulia yanakieleza. Kwa hiyo msururu wa nomino za Kiingereza usomwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. "Kigoma railway station ticket office": ofisi ya tiketi ya stesheni ya reli ya Kigoma. Kila neno limepata "ya" yake na hakuna lililopotea. Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza hupenda misururu hii, tena huondoa "the" na "a", ndiyo sababu msomaji anayeelewa habari yenyewe anaweza kushindwa na kichwa chake.

Nomino ikifanya kazi hii kwa kawaida hubaki katika umoja hata kama hesabu ni kubwa. Ndoo ya lita kumi ni "a ten-litre bucket", safari ya siku tatu ni "a three-day journey", mtoto wa miaka sita ni "a six-year-old child". "A ten litres bucket" tunaiona kila siku kwenye madaftari, na inatoka moja kwa moja kwenye "lita kumi" yetu. Yapo machache yanayobaki na "s": "sports day", "clothes shop", na kwa wanaofanya kazi bandarini, "customs officer". Vivumishi navyo vinaweza kuwa nomino vikimaanisha kundi la watu: "the poor", "the sick", "the blind". Hapo kitenzi ni cha wingi, "The poor need", na "poors" haipo.

Tukija kwenye matamshi, kuna maneno yanayoandikwa sawa lakini mkazo unayagawa. "Record", "export", "import", "permit", "contract", "increase", "produce" na "object" yakiwa nomino hukaziwa silabi ya kwanza, yakiwa vitenzi hukaziwa ya mwisho. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, kwa hiyo neno letu la silabi mbili hukaziwa ya kwanza, na tukiipeleka tabia hiyo kwenye Kiingereza kila neno linatoka likiwa nomino. Mwanafunzi afundishwe kusema "produce" kwa namna mbili, mazao na kuzalisha, mpaka sikio lake lizikamate. Lakini asidhani maneno yote ya silabi mbili yanafanya hivyo. "Report", "control", "support", "answer" na "visit" hayahamishi mkazo.

Mengine hugawanywa na sauti ya mwisho. "Use" likiwa nomino huishia na sauti ya s, likiwa kitenzi sauti ya z. "House" na "excuse" ni hivyo hivyo, na "close" ya karibu ina s wakati ya kufunga ina z. Hapa hatuna kisingizio, kwa sababu mtu anayetenganisha suka na zuka anaweza kutenganisha hizi. "Advice" na "advise" huonyesha tofauti hata kwenye maandishi: c kwa ushauri, s kwa kushauri. "I advice you" ni kosa linaloonekana hadi kwenye barua za maofisini, na barua nzima hushuka hadhi kwa herufi moja. Katika tahajia ya Uingereza, inayofuatwa na shule zetu, "practice" na "practise", "licence" na "license" hufuata utaratibu huo huo.

Si kila neno lenye sura moja na kazi mbili ni neno moja. "Lead", kuongoza, na "lead", madini ya risasi, hayana undugu, na hata hayatamkwi sawa. "Well" ya kisima na "well" ya vizuri zilikutana kwa bahati. "Mean" ni maneno matatu tofauti: kumaanisha, bahili, na wastani wa hisabati. "Can" ya kuweza si "can" ya kopo. Kamusi nzuri husaidia hapa, kwani maneno yasiyo na undugu huwekwa katika vidahizo tofauti vyenye namba, yaani maneno makuu yanayofafanuliwa, na ndani ya kila kimoja utaona "n" kwa nomino, "v" kwa kitenzi, "adj" kwa kivumishi. Mwanafunzi asisimame kwenye maana ya kwanza. Aamue kwanza kazi ya neno katika sentensi yake, aende moja kwa moja kwenye alama hiyo, asome maana za hapo tu.

Pia wapo wanaodhani mwisho wa neno utawaokoa. "-tion" na "-ness" ni za nomino, wanasema, nao wako sahihi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo "question" ni kitenzi cha kuhoji, "mention" cha kutaja, "witness" cha kushuhudia, na askari aliyepangiwa Tabora ni "stationed in Tabora". Kwa upande mwingine si kila neno linageuka. Kufika ni "arrive" na ujio ni "arrival". Kuamua ni "decide" na uamuzi ni "decision". Uhuru wa Kiingereza ni mkubwa, lakini mwanafunzi asiutumie kwa neno ambalo hajaliona likitumika hivyo.

Gharama ya kutofundisha haya tunaiona kwanza kwenye mitihani. Kijana amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anaulizwa "State two functions of the state". La kwanza ni taja, la mwisho ni dola, na aliyekariri dola peke yake anaona dola mara mbili. "Account for" inamtaka aeleze sababu, naye anaona akaunti ya benki. "Outline", "name", "list", "match", "comment": yote ni maneno ya amri mwanzoni mwa swali, na yote yameandikwa daftarini mwake kama nomino. Neno linaloanza swali bila mtenda karibu daima ni kitenzi cha amri. Kanuni hii moja, ikifundishwa wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, ingewaokolea alama watoto wanaojua jibu lakini hawakujua wameulizwa nini.

Pili, iko kwenye dawa. Maelezo ya Kiswahili kwenye chupa ya kiuatilifu yakiwa yamefutika, mkulima anabaki na "Store in a cool, dry place". "Store" ni hifadhi, halisemi habari za stoo. "Cool" na "dry" ni sifa za mahali, penye ubaridi na pakavu, hazimwambii apoze wala akaushe dawa. "Shake well before use" haina kisima, na "use" hapo ni nomino. Mstari unaotutia hofu zaidi ni huu: "Do not reuse empty containers". Humo "empty" ni sifa, na mstari unakataza kutumia tena vyombo vilivyokwisha dawa. Anayeusoma kama amri ya kumwaga ataimwaga dawa mtoni na kuchukua chombo kwenda nacho jikoni.

Tunachopendekeza darasani hakihitaji kitabu kipya. Katika kipindi cha dakika 40, yatosha maneno matano, kila moja katika sentensi tatu fupi: moja likiwa nomino, moja kitenzi, moja sifa. Ubaoni yaandikwe sentensi tu bila tafsiri. Wanafunzi wawili wawili waweke "yesterday", kisha "two" au "some", kisha "very", waamue kazi ya neno, na hapo ndipo waandike maana kwa Kiswahili, sentensi nzima. Kwa Kigoma tungeanza na "fish", "water", "dry", "work" na "open". Kwa Tabora "plant", "smoke", "bottle", "train" na "cure". Neno lisilo na kazi ya tatu lisilazimishwe. Kinachoharibu zoezi hili ni haraka: mwalimu akitaka maneno ishirini kwa kipindi, atarudi kwenye orodha kabla ya kengele.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Magazeti yetu ya Kiswahili yakitoa safu ya kujifunza Kiingereza, mara nyingi hutoa orodha ile ile ya maneno kumi na tafsiri zake kumi. Wazazi huikata na kuibandika ukutani, kwa hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Chapisheni maneno matatu badala ya kumi, kila moja na sentensi zake tatu, na tafsiri ya kila sentensi iwe nzima. Nafasi itakayotumika haizidi ile ya sasa. Tuko tayari kuziandaa sentensi za wiki nane za kwanza bila malipo, kwa mifano ya ziwani, shambani na sokoni.

Ni sisi walimu wa Kiingereza,
Ujiji, Kigoma